Mwalimu anauliza: watoto waliopitia tope la Hanang tuwapime trauma, au tunawatonesha vidonda?

"Habari daktari. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Hanang, tuna watoto waliopitia yale maporomoko ya tope ya Desemba 2023. Siku chache baada ya tukio walikuja watu kule watoto walikohifadhiwa, wakawajazisha fomu za maswali, wakasema karibu nusu wana trauma, wakaondoka na hawajarudi mpaka leo. Wazazi walichukia sana, wakasema mmewakumbusha watoto vitu walivyoanza kusahau. Sasa kuna mpango wa kuwapima tena hapa shuleni na mi nimeombwa nisaidie. Nina binti mmoja wa miaka tisa, mawingu yakifunga tu anafunika daftari anasogea mlangoni, na kijana mmoja alikuwa mpole kabisa sasa hivi kila siku ngumi. Wengine wengi naona wako sawa. Muda umeshapita, je kuwapima kuna faida au tunatonesha vidonda? Na nikishapata majibu nifanye nini nayo?"

Mwalimu, pole na kazi, na pole kwa yaliyowakuta. Hapo umeuliza mambo mawili, kama kumuuliza mtoto kunamuumiza, na kama kupima bila kujua kinachofuata kuna maana yoyote. Nikujibu kwa kifupi kwanza alafu tuende taratibu: kupima kuna faida kubwa, hata sasa, ila sio kwa namna ile mliyofanyiwa, na usikubali kushika fomu hata moja kabla hujaonyeshwa mtoto atakayekutwa na shida anapelekwa wapi, kwa nani, na nauli anatoa nani. Hilo swali lako la mwisho ndio lilipaswa kuwa la kwanza kwa wale waliokuja na makaratasi.

Tuanze na wale wa kambini. Tope lilishuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 asubuhi na mapema, watu zaidi ya 80 walifariki, watoto wameona vitu ambavyo mtu mzima hatakiwi kuviona. Sasa ukienda kwa mtoto wa hivyo baada ya siku tano ukamuuliza unaota ndoto mbaya, unashtuka, tukio linakujia kichwani hata kama hutaki, atajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mimi ningeshangaa asingejibu hivyo. Wiki za mwanzo karibu kila mtoto anakuwa na dalili, hasinzii, anamng'ang'ania mama, anakojoa kitandani wakati alishaacha, na hiyo ni hofu ya kawaida baada ya jambo lisilo la kawaida. Ugonjwa wenyewe, huu wa PTSD ambao wengi mnauita trauma, hatuutamki mpaka dalili ziwe zimepita mwezi mzima na ziwe zinamvurugia mtoto maisha, yaani masomo, michezo, usingizi, urafiki. Kwahiyo kile walichokisema, kwamba karibu nusu ya watoto wana trauma, hakikuwa na maana ya kitabibu. Kilichotakiwa siku zile ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na hiyo haina hata fomu: mtoto akutanishwe na ndugu zake, ale, awe na pa kulala, apate mtu mzima mtulivu wa kumsikiliza kama yeye mwenyewe anataka kuongea, apate kucheza, na shule ikifunguliwa arudi. Ule mtindo wa kuwakalisha watoto kwenye duara siku ya pili na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona, Shirika la Afya Duniani linashauri usifanyike kabisa, na ni hivyo hivyo hata ukifanywa kwa moyo mzuri.

Sasa kwanini wengine wanapona wenyewe na wengine wanabaki nayo? Ubongo ukiwa kwenye hatari ya kifo unafanya kazi moja tu, kuokoa roho. Sehemu inayopiga king'ora, wataalamu wanaiita amigdala, inachukua usukani, na sehemu inayopanga kumbukumbu kwa mfuatano, kwamba hili lilianza, likafuata hili, alafu likaisha, inafanya kazi vibaya. Matokeo yake kumbukumbu inahifadhiwa vipande vipande, mngurumo, harufu ya udongo uliolowa, giza, mtu anaita jina, na vile vipande havina tarehe. Ndio maana binti yako akiona mawingu mwili wake haumwambii "nakumbuka ile siku", unamwambia "inakuja tena sasa hivi, toka". Ni kama mbwa wa nyumba iliyovamiwa usiku, wezi wameshakamatwa zamani lakini yeye jani likidondoka tu anabweka, na ukimpiga kwasababu anabweka unamuongezea sababu ya kuogopa usiku. Watoto wengi kadiri siku zinavyokwenda vile vipande vinajipanga vyenyewe, wanaongea na bibi, wanachora, wanacheza mchezo wa tope na wenzao, mvua inanyesha mara ya kwanza na haitokei kitu, inanyesha mara ya kumi haitokei kitu, ubongo unajifunza. Wachache hawafiki hapo kwasababu wanakwepa. Kila kinachokumbusha wanakikimbia, na ukikimbia unapata nafuu ya haraka, lakini ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba hatari imeisha. Kukwepa ndio kunakoshikilia ugonjwa, na hilo ukilielewa mambo mengine yote nitakayosema yatakuingia.

Nije kwa wazazi, na nawaheshimu kwa hasira yao, ila hili la watoto "kuanza kusahau" naomba tulitazame upya. Mtoto kunyamaza sio kusahau. Watoto wanasoma sura za wazazi wao kuliko tunavyodhani, akiona mama akisikia jina la mdogo wake aliyefariki anajifuta macho na kanga, anaamua mwenyewe kwamba hii habari haisemwi nyumbani. Tafiti za baada ya majanga zinaonyesha mara kwa mara kwamba mzazi na mwalimu wanaona dalili chache kuliko anazozisema mtoto mwenyewe akiulizwa faragha, kwasababu ndoto na picha za kichwani hazionekani kwa nje. Kwahiyo hapo uliposema wengi wako sawa, inawezekana kabisa wako sawa, lakini kwa macho peke yake huwezi kujua.

Na je, kuuliza kunaumiza? Mtoto akiulizwa maswali mafupi, kwa faragha, na mtu anayemwamini, akiwa amekubali mwenyewe na anajua anaweza kuacha muda wowote, kwa kawaida haumii. Wachache wanahuzunika, wanalia kidogo, na huzuni hiyo inapita. Kinachoumiza ni vitu vingine: kuulizwa mbele ya wenzake, kubanwa atoe undani wa tukio, kuitwa "wa trauma" mpaka wenzake wanamtania, na lile lililowatokea ninyi, mtoto anajikaza anafunguka alafu mtu mzima anaondoka na karatasi hamuoni tena. Mtoto wa hivyo anajifunza kwamba kusema hakusaidii. Wazazi walikasirikia fomu, mi nadhani hasira yao ilistahili ielekezwe kwenye kule kutokurudi.

Kuhusu muda kupita. Nikupe mfano unaofanana na wenu sana. Tarehe 26 Februari 1972 huko Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, bwawa la taka za mgodi wa makaa ya mawe lilipasuka asubuhi, maji meusi ya tope yakapita bondeni yakaua watu 125. Watoto walionusurika walifuatiliwa kwa miaka mingi. Miaka miwili baadaye karibu theluthi moja walikuwa na dalili za kutosha kuitwa PTSD, na walipotafutwa tena miaka 17 baada ya tukio, wakiwa watu wazima, walikuwa kama asilimia 7. Maana yake mtu asikwambie darasa lako limeharibika maisha, wengi wanapona. Pia maana yake wapo ambao miaka miwili haikuwatosha, na ukisema "muda umepita, tuwaache" hao ndio unaowaacha. Kwahiyo kupima sasa hivi kuna mantiki kuliko kule kambini, kwasababu anayeonyesha dalili leo hayuko tena kwenye hofu ya wiki ya kwanza.

Fomu zenyewe ziko kadhaa. Inayotumika sana kwenye majanga kwasababu ni fupi inaitwa CRIES-8, ina maswali 8, ni ya watoto kuanzia miaka 8 wanaoweza kusoma na kuelewa. Kila swali lina majibu manne yenye maksi 0, 1, 3 na 5, na akifikisha maksi 17 kwenda juu tunasema huyu aonwe na mtaalamu. Angalia ndani yake lakini. Maswali manne yanahusu tukio kumrudia mtoto kichwani, manne yanahusu kukwepa. Hakuna hata moja linalouliza hasira wala kushtuka wala usingizi. Binti yako huenda akakamatwa na hiyo fomu, yule kijana wa ngumi anaweza kupita katikati ya matundu kabisa ukaandika "hana shida". Kuna ndefu yake ya maswali 13 ambayo inaongeza hayo, mi ningependa mtumie hiyo, na hata hivyo isiwe peke yake, mwalimu aongeze anachokiona darasani na mzazi anachokiona usiku.

Lugha nayo. Huko kwenu mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwa anajifunzia Kiswahili shuleni lakini anaota kwa Kiiraqw au Kibarbaig. Ukimsomea swali lililotafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu aliyekaa ofisini mjini, kama "je, unajaribu kuondoa tukio katika kumbukumbu zako", atakuangalia tu, alafu atajibu ndiyo kwasababu wewe ni mwalimu na mwalimu anajibiwa ndiyo. Waambieni wenye mpango wakae na walimu na mama wawili watatu wa hapo wapitie kila swali, wajaribu kwanza kwa watoto wachache na wamuulize mtoto "hapa umeelewa nini". Hiyo ni asubuhi moja tu ya kazi, na inaokoa zoezi zima.

Lingine ambalo halielezwi: fomu haitoi ugonjwa, inatoa orodha ya watu wa kuongea nao. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme una watoto 100 na kweli kabisa 15 ni wagonjwa. Fomu nzuri ikakamata 12 kati yao. Kwenye wale 85 wazima fomu hiyo hiyo ikawakosea 20, pengine wana huzuni, pengine wana njaa, pengine hawakuelewa swali. Mkononi unabaki na majina 32 na wagonjwa humo ndani ni 12. Ukienda kwenye kikao cha wazazi ukatangaza 32 wana trauma, umewadanganya wazazi 20, na wale watatu waliopita bila kukamatwa umewaambia wako salama. Ndio maana lazima kuwe na hatua ya pili, mtu aliyesomea afya ya akili akae na kila mmoja kwenye ile orodha, pamoja na mzazi, aulize kwa kina. Na aulize mapana, msiba wa mzazi, sonona, kuhama, kupigwa nyumbani. Kuna familia zilizopelekwa kwenye makazi mapya kule Waret, mtoto kapata nyumba lakini kapoteza majirani na rafiki wa kwenda naye kisimani, huyo shida yake inaweza isiwe tope. Anayemlilia baba yake naye huwezi kumtibu kama anayeogopa mvua, ingawa kuna watoto wana yote mawili.

Swali la wapi watatibiwa. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipiga New Orleans, na baadaye watafiti waliwachuja watoto wenye dalili, wengine wakapangiwa tiba ya vikundi hapo hapo shuleni, wengine tiba ya mmoja mmoja kliniki. Waliopangiwa shule, asilimia 98 walianza tiba. Waliopangiwa kliniki, asilimia 37 tu ndio walioanza, na hiyo ni Marekani kwenye barabara za lami na magari. Watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu, tofauti ilikuwa nani anafika. Sasa niambie mzazi wa kijiji cha Gendabi anayetakiwa aache shamba wiki 12 mfululizo ampeleke mtoto mjini atafika mara ngapi. Kwahiyo mpango wenu ukisema "tutawapa rufaa", uliza rufaa ya kwenda wapi, na ushikilie kwamba tiba iletwe shuleni au zahanati ya karibu.

Na inawezekana, usikubali uambiwe hatuna wataalamu basi. Tiba yenye ushahidi mkubwa kwa watoto ni ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na mwenendo iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, mtoto anafundishwa kwanza kutuliza mwili, alafu kidogo kidogo, kwa kasi yake, anaisimulia ile siku mpaka vile vipande vinapata mwanzo na mwisho, mzazi akiwa anashirikishwa. Moshi huku kwetu na Bungoma kule Kenya ilifanyiwa utafiti kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Watoto kwa sehemu kubwa walipata nafuu, na nafuu ilidumu zaidi upande wa Kenya. Kwahiyo mtu wa kufundishwa yupo hapo hapo mjini kwenu Katesh, kinachokosekana ni mafunzo na usimamizi. Dawa kwa watoto sio njia ya kuanzia, na vile vidonge vya usingizi ambavyo watu wananunua dukani "mtoto alale tu", tafadhali wazuie wazazi, vinampa usingizi bila kumpa nafuu na vinaweza kumletea shida nyingine.

Sasa binti yako. Huyo usisubiri fomu, ameshajieleza mwenyewe. Ongea naye peke yenu, siku ya jua, kwa maneno mepesi: "nimeona mawingu yakija unasogea mlangoni, mwili wako unakuambia nini?" Usimuulize aliona nini siku ile, muulize leo anahisi nini. Mpe kiti cha karibu na mlango, mkubaliane ishara, akiinua kidole fulani wewe unajua na unamsogelea. Lakini asitoke akaondoka, maana kama nilivyosema kukimbia ndio kunalea hofu, lengo ni abaki ndani dakika mbili zaidi, alafu tano, na wewe uko pale. Mfundishe kupumua taratibu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na waelezeni watoto wote sababu ya lile tope, kwasababu mtoto asiyeelezwa anajitungia, wapo wanaoamini mlima umewakasirikia au ni kosa lao. Wataalamu wa jiolojia walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikashindwa kujishikilia ikameguka, na haikuwa volkano. Mtoto wa darasa la nne anaelewa hilo vizuri tu. Usimuahidi kwamba haitatokea tena, mwambie watu wazima wanaangalia, na muonyeshe wapi mtakimbilia na nani atamshika mkono. Hofu yake ya mvua ina ukweli ndani yake, kwahiyo mpe mpango.

Kijana wa ngumi, kabla ya fimbo muulize analala saa ngapi na anaamka mara ngapi. Mtoto asiyelala na ambaye mwili wake uko tayari kwa vita muda wote, akiguswa bega kwa nyuma anapiga kabla hajafikiri. Viboko hapo vinathibitisha kile ambacho mwili wake unaamini tayari, kwamba dunia ni hatari. Adhabu ya kurekebisha alichoharibu apewe, ya maumivu hapana. Na kama mama yake anasema anakojoa kitandani, mwambieni asimpige wala kumtangaza kwa majirani, amuamshe usiku, amsifu siku akiamka mkavu.

Usisahau wazazi wenyewe. Mama aliyepoteza mtoto kwenye tope na hajapata pa kulia hawezi kumtuliza mwingine, na kwenye tafiti nyingi hali ya mzazi ni moja ya vitu vinavyotabiri hali ya mtoto. Fomu yoyote ya watoto iende na mazungumzo na mzazi, na kabla ya yote itisheni kikao, muwaombe radhi kwa niaba ya zoezi la kwanza hata kama sio ninyi mliolifanya, muwaeleze nani ataziona karatasi, zitafungiwa wapi, na kwamba mzazi anaruhusiwa kukataa na mtoto hatanyimwa chochote. Atakayekataa muache, wengi watarudi wakiona wa jirani amesaidika.

Kuna watoto wa kutosubiri mpango wowote. Anayesema anataka kufa au amfuate marehemu, anayejiumiza, aliyeacha kula au kuongea, anayeona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, ambaye unahisi anapigwa au kuingiliwa kimwili, na yule aliyeacha shule kabisa. Hao wapelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya wilaya, uliza muuguzi wa afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe. Ikishindikana hapo kuna hospitali ya Haydom, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna hospitali ya KCMC Moshi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, anaweza kupiga hata mtoto mwenyewe, iandike ubaoni.

Kwa wenye mpango, ukikutana nao wape masharti yako kwa maandishi: jina na simu ya mtu wa hatua ya pili, ratiba ya siku atakazokuwa shuleni, maswali yaliyojaribiwa kwa lugha ya watoto, na tarehe ya kurudi kupima tena baada ya tiba. Wakiwa navyo, shirikiana nao kwa moyo wote. Wakiwa hawana, waambie zoezi lisogezwe mpaka wavipate, na wewe endelea na binti yako na huyo kijana kuanzia Jumatatu.